Halali ya Bangkok

"Mwanao kamlisha mwanangu bangi, Turkiya! Kamlisha, na ukuta huu ushuhudie!"

"Ukuta ushuhudie kwa macho yepi? Shuka kwanza hapo juu, bibi we, usije ukaanguka ukatuzulia na maiti."

Bi Shukriya hakushuka. Alikuwa kasimama kwenye ngazi ya kupandia darini, kifua kimevuka ukuta, mtandio umemteremkia mabegani. Upande wa pili Bi Turkiya alikuwa uani mwake na mwiko mkononi, kauinua kama hakimu. Nyumba mbili hizi za mji wa Ibra, Omani, zimepakana tangu familia zote mbili ziliporudi kutoka Unguja, na ukuta huo umeshapitisha sahani nyingi za futari kuliko mlango wowote mtaani. Leo ulikuwa unapitisha matusi.

"Maen wangu hajui sigara! Hajui hata shisha! Likizo nzima kalala chali kwa maumivu ya mgongo, hakutoka hata kwenda msikitini. Nani aliyekuja kumtazama? Muntasir! Kaja na mfuko wa peremende za Bangkok, huko wanakouza hashish kama wanauza mkate!"

"Bangkok? Ehe, tuiseme hiyo Bangkok. Nani alikupeleka Bangkok? Nani alikusukuma kwenye kiti cha magurudumu uwanja mzima wa ndege, na mama yake mwenyewe ana bandeji machoni? Muntasir huyo huyo! Jana tu hukuweza kupanda kizingiti, leo unapanda ngazi kama paka kuja kumtukana. Mungu akuongoze!"

Madirisha ya mtaa yalikuwa wazi, yote. Hakuna aliyechungulia, maana kuchungulia ni aibu, lakini redio zilikuwa zimezimwa.

Ghaniya alisimama nje ya lango na mkoba begani, akawaacha wamalize. Alikuwa polisi kabla ya kuwa mpelelezi wa ndani wa kampuni ya malori ya mafuta ya Rimal kule Sur, na jambo moja alilojifunza ni kwamba majirani wakigombana hutoa ushahidi bila kuulizwa. Alishapata mambo matatu ya kufanyia kazi. Akabisha hodi.

"Nani?" walijibu wote wawili kwa pamoja.

"Ghaniya, wa kampuni. Shikamooni."

"Marahaba," zikaja sauti mbili, moja kutoka juu, moja kutoka ng'ambo ya ukuta. Halafu mwiko ukagonga sufuria, na Bi Shukriya akateremka ngazi upesi, kidato kwa kidato, bila kushika ukuta.

Hilo nalo Ghaniya aliliona, kwenye upenyo wa lango.

*

Maen alikaa majlisi, chumba cha wageni, kanzu safi, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Dereva wa tangi la petroli, hana hata kosa la mwendo kasi. Aliporudi kutoka likizo walimpima mkojo pale langoni Sur kama wanavyopimwa madereva wote. Ukatoka mchafu. Kikombe cha pili, kilichohifadhiwa kwa ajili ya rufaa, kikafunguliwa. Mchafu vile vile.

"Kamati inakaa kesho asubuhi," Ghaniya alimwambia. "Ripoti yangu isipokuwa na kitu, unafukuzwa kazi na faili linakwenda polisi. Hilo unalijua."

"Najua. Khalas, andika nimevuta."

"Wapi?"

"Ndani ya lori. Safari ya mwisho kabla ya likizo, karibu na Bidiya."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

"Uliwasha kwa nini?"

Maen akamtazama. "Kiberiti."

"Kiberiti." Ghaniya aliweka kalamu chini. "Unabeba petroli, Maen. Viberiti mnaviacha langoni, mnakaguliwa mpaka viatu. Na mbele yako pana kamera inayokutazama kutoka Sur mpaka mwisho wa safari. Nimeitazama safari yako yote. Umekunywa maji, umepiga miayo, umeimba. Kuimba hujui, lakini hakuna mtu anayefukuzwa kwa hilo. Kuvuta hukuvuta."

"Basi nimevuta nyumbani."

"Moshi wake una harufu gani?"

Maen alinyoosha kanzu yake.

"Harufu tu. Aliyevuta hasahau."

"Kama... kama udi."

Ghaniya nusura acheke. "Kama udi! Wallahi ungekuwa kama udi nusu ya Ibra wangekuwa magerezani." Akasogea mbele. "Sikiliza. Vipimo vinasema kitu hiki kilikuingia siku za karibuni, na kwa wingi. Na siku hizo ulikuwa umelala humu na mgongo wako. Hukutoka. Basi kilikufuata humu humu. Muntasir kakupa nini?"

"Muntasir hajanipa kitu! Peremende zake ziko pale, zinanuka kama soksi, hakuna aliyezifungua."

Mfuko ulikuwa juu ya kabati, Bi Shukriya kauweka kama ushahidi ndani ya mfuko mwengine, na huo ndani ya mwengine. Ghaniya alivaa glovu, akaifungua ya nje, akageuza uso. Duriani. Karatasi ya kiwandani ilikuwa haijaguswa na jino wala kucha. Akaurudisha.

"Sawa. Peremende hukula. Ulikula nini humu ndani?"

Hapo Maen, aliyekubali kufukuzwa kazi bila kupandisha sauti, alisimama wima. "Achana na chakula cha mama."

"Nimeuliza ulikula nini. Sijamtaja mama."

"Nimekwambia andika nimevuta! Hutaki kuandika kwa nini?"

Ghaniya alifunga mkoba polepole. Mtu aliyesingiziwa hutetea nafsi yake. Mwizi hutetea hadithi yake. Huyu alikuwa hatetei nafsi wala hadithi. Alikuwa anatetea jiko.

*

Kwa Bi Turkiya, Muntasir alikuwa anamngoja barazani. Kijana mrefu, miwani, karani wa ofisi ya serikali Mudhaibi, kaomba ruhusa kwa sababu ya kelele hizi.

"Nipime," alisema hata kabla ya salamu kwisha. "Unavyo vijiti, si ndiyo? Nipime hapa hapa, mbele ya mama."

"Ampime ili iwe nini?" Bi Turkiya alidakia kutoka jikoni. "Kwani wewe mtoto wa nani?"

"Mama, mwache."

Kijiti cha mate kilikaa ulimini, kikaingia kwenye kichupa chake, wakangoja. Mistari ikatoka yote. Safi.

"Mate husema ya juzi, hayasemi ya mwezi uliopita," Ghaniya alimwambia. "Bangkok mlikwenda lini? Unaona. Hiki hakikuoshi."

"Najua. Lakini sijagusa kitu kule. Maduka yamejaa kila kona, taa za kijani, wasichana wanakukaribisha kama wauza manukato. Kwao halali. Sijagusa."

Ghaniya aliyajua maduka hayo kwa kusimuliwa. Tangu wale jamaa wa Thailand walipolifungulia jani lile, madereva na mafundi walikuwa wanarudi kutoka kwenye matibabu na fungate na mambo mapya mwilini. Mmoja alifika mbele ya kamati na risiti ya duka, ati kanunua kwa halali, na kodi kalipa. Mwenyekiti akamrudishia risiti yake: "Hii ya Bangkok. Mkojo ni wa Sur." Baada ya hapo kamati ikaweka kanuni ngumu. Anayedai kalishwa bila kujua alete kitu chenyewe kipimwe, na alete shahidi asiye wa ukoo wake, aliyeona kilivyopatikana. Kimoja kikikosekana, hakuna kesi ya kusikilizwa.

"Maen kasema kavuta," Ghaniya alisema.

Muntasir alitoa miwani. "Kasema hivyo?"

"Ndani ya lori, kwa kiberiti."

"Maen? Maen aliyetapika kwa shisha ya tufaha pale Nizwa?" Akataka kucheka, kisha hakucheka. Macho yake yakaruka ukuta, yakatua upande wa pili, kwenye bomba la moshi la jiko la Bi Shukriya, yakarudi haraka.

"Unatazama nini, Muntasir?"

"Sitazami kitu."

"Unatukanwa tangu asubuhi mtaa mzima unasikia. Unaweza kujitetea kwa neno moja, na neno hilo unalo. Mbona hulisemi?"

"Sina neno."

"Bas. Na mimi nina swali la mwisho. Bangkok ulikuwa na wagonjwa wawili. Mama yako kafungwa macho. Jirani, Khalati wako Shukriya, goti. Mkalimani nani?"

Muntasir alitazama chini. "Mimi."

Ghaniya akaaga. Alivuka njia kwa hatua fupi, akipanga. Wanaume wawili wanamfunika mtu mmoja, kila mmoja kwa upande wake, wala hawajaambizana. Mmoja yuko tayari kupoteza kazi, mwengine yuko tayari kupoteza jina. Na mtu wanayemfunika ndiye anayepiga kelele kuliko wote.

*

Bi Shukriya alikuwa kachuchumaa mbele ya jiko la chini, anageuza mikate myembamba. Kachuchumaa, magoti yote mawili yamekunjwa sawasawa.

"Karibu, karibu mwanangu! Umemkamata? Kakiri?"

"Bado, mama. Mashallah, goti lako zuri. Wamekutibu."

"Wametibu wapi!" Bi Shukriya alifurahi kuulizwa, akasahau hata ugomvi. "Wale madaktari wamenipiga picha, wamenichoma sindano, nimetoka vile vile nalia. Lililonitibu ni jengine. Hasidi asinisikie." Akapunguza sauti, akaelekeza kidole ukutani. "Nilipata dawa."

"Hospitali?"

"Dukani. Duka zuri, lina AC, sakafu unajiona. Msichana kavaa sare, kanikalisha, kanipa maji ya baridi. Kichupa kakitia kwenye mfuko, mfuko kaufunga utepe. Utepe wa hariri!"

"Na Muntasir alikuwepo?"

"Alikuwepo, huyo mwenye roho mbaya! Ananivuta mkono, 'Khalati, usichukue hiyo, hiyo si dawa, itatuletea balaa.' Bakhili. Nikamwambia haya, nimeitupa. Sikuitupa. Nimeichomeka ndani ya soksi."

Ghaniya aliinama akaokota kipande cha mkate kilichokuwa sakafuni, apate kuficha uso. "Na hiyo dawa unaitumiaje, mama?"

"Chungu, haimezeki. Nikafanya kama tunavyofanya sisi. Nikaitia kwenye samli." Akatoa mtungi wa kioo kutoka rafu ya juu, samli ya manjano, nzito, imepungua zaidi ya nusu. "Kijiko asubuhi na mkate wa moto. Mie nalala kama mtoto mchanga. Na Maen, maskini, alipokuja na mgongo ule, nikamwambia hata mafuta ya kuchua huna haja, mama yako yupo. Nikampa asubuhi na jioni. Wallahi siku ya tatu alikuwa anacheka peke yake."

Mkate ulianza kuungua.

"Kichupa kiko wapi, mama?"

Kilikuwa nyuma ya mtungi. Kidogo, cha rangi ya kahawia, kina mpira wa kudondoshea. Maandishi ya kwao hakuna aliyeyajua, lakini katikati palikuwa na jani, kijani, vidole vimetandazwa kama mkono unaosimamisha gari.

"Jani gani hili?"

"Si mnanaa wao?"

"Mama." Ghaniya alichuchumaa naye, uso kwa uso. "Huu si mnanaa."

Bi Shukriya alitazama kichupa. Akamtazama Ghaniya. Akatazama mlango, na mlangoni Maen alikuwa kasimama, sijui tangu lini.

"Mwambie," Bi Shukriya alimwambia mwanawe. "Mwambie huyu anakosea. Duka lina taa! Wamenipa risiti! Haramu hufungwa utepe?"

Maen aliinamisha kichwa.

"Ulijua?" sauti ya mama ilikuwa imebaki kidogo sana.

"Nilikiona kichupa niliporudi kutoka Sur."

"Ukanyamaza? Ukaniacha nipande ngazi nimtukane mtoto wa watu?"

"Ningesema nini, mama? Niseme ulikiingiza wewe? Wanakuja kukuchukua wewe!"

Mkate uliwaka. Ghaniya aliuondoa kwa vidole, akafunga gesi, akavaa glovu nyengine. Akachota kijiko cha samli, akakitia kwenye kikopo cha maabara, akakifunga kwa utepe wa kampuni, akampa Bi Shukriya kalamu atie saini juu ya utepe. Maen alimshikia kikopo.

"Nisikilizeni nyote," Ghaniya alisema. "Mimi nitaandika nilichokiona, sipunguzi wala siongezi. Lakini ripoti yangu inatoka jioni. Kabla ya jioni, mama, uchukue kichupa na mtungi huu, ukavipeleke polisi kwa miguu yako. Anayekwenda mwenyewe hatazamwi kama anayefuatwa. Watakufanya nini, sijui, siwezi kukuahidi. Hiyo moja. Ya pili, kazi ya Maen. Kamati inataka shahidi asiye wa ukoo, aliyeona ukinunua na ukidhani ni dawa."

"Yupo mmoja tu," Maen alisema.

Hapakuwa na haja ya kumtaja. Harufu ya mchuzi wa nazi wa mama yake ilikuwa inaingia dirishani.

*

Bi Shukriya hakupanda ngazi. Alijifunga mtandio, akatoka kwa mlango wa mbele, akazunguka kama mgeni, na mtaa mzima ukamwona kwa madirisha yale yale. Maen nyuma yake kabeba mtungi na kichupa ndani ya kikapu. Ghaniya nyuma ya Maen.

Bi Turkiya alifungua nusu ya mlango. "Umesahau tusi gani?"

"Nimekuja na langu mwenyewe, Turkiya. Mwanao hana kosa. Mie ndiye. Mie nimemlisha Maen kwa mkono wangu. Ile dawa ya Bangkok, ndiyo hiyo bangi. Muntasir alinikataza, nikamdanganya nimeitupa."

Mlango ulifunguka wote. Bi Turkiya hakumtazama jirani yake. Aligeuka nyuma. "Muntasir!"

Muntasir alikuja, miwani mkononi.

"Ulijua?"

"Nilijua alinunua. Nilidhani kaitupa. Nilipopata habari za Maen ndiyo nikaelewa."

"Nami natukanwa tangu alfajiri, nimeshika mwiko kama mwendawazimu, mtu wangu yumo ndani kimya?"

"Ningekwambia wewe, mama, ningekuwa nimeiambia Ibra yote mpaka Sur."

Hilo Bi Turkiya hakuweza kulipinga. Alimgeukia Ghaniya. "Wataka nini kwake?"

"Aje kesho mbele ya kamati, aseme alichokiona. Bila yeye Maen hana kazi."

"Na yeye? Ana kazi ya serikali. Akisimama akasema alimwona mtu ananunua kitu kile, wakubwa zake wakisikia, mdomo wa watu utasema nini? Utasema walikuwa pamoja. Nani atamlinda?"

"Siwezi kumlinda, mama. Nitaandika kwamba alikataza, maana Bi Shukriya mwenyewe kasema mbele yangu. Zaidi ya hapo sina."

"Huna." Bi Turkiya alitikisa kichwa. "Angalau husemi uongo."

Bi Shukriya alikuwa bado nje ya kizingiti. "Sikulazimishi, dada yangu. Ukikataa, n'na haki ya kukataliwa. Mie nakwenda polisi sasa hivi. Nimekuja ili usikie kwangu kabla hujasikia kwa watu."

Bi Turkiya alimwangalia muda mrefu, kuanzia mtandio mpaka viatu, jinsi anavyoangalia samaki sokoni. Muntasir alifungua mdomo. Mama yake akainua kidole kimoja, kijana akaufumba.

"Utakwenda na nani huko polisi?"

"Na Maen."

"Maen atalia. Anafanana na babake." Akavuta pumzi. "Muntasir, kanyooshe kanzu. Leo polisi, kesho Sur. Utasema ulichokiona, neno kwa neno, na ole wako uongeze chumvi."

"Turkiya..."

"Usinishukuru! Sijakusamehe, na sidhani kama nitakusamehe mwezi huu. Umenitukania mwana, Shukriya, mbele ya wanawake ambao mie ndiye ninayewasengenya." Akauachia mlango, akarudi nyuma hatua moja kumpa njia. "Umekula?"

Bi Shukriya alitikisa kichwa.

"Tangu lini?"

"Jana."

"Haya ingia. Nyote, na wewe mpelelezi, viatu hapo. Wali uko tayari. Hakuna mtu anayetoka nyumbani kwangu kwenda polisi na tumbo tupu."